Shawa ya moto ya wati 5500: waya wa 6, breka ya 32 na kipupwe kizima cha Chake

Nianze na bei, maana ndipo wengi wanapopotea. Shawa yenyewe, Lorenzetti ya Brazil ya wati 5500, niliinunua hapa Chake Chake, Pemba, kwa shilingi 85,000. Waya wa kuilisha, wa 6 (yaani shaba yake ni milimita 6 za mraba), ulinitoka 220,000, na hapo sijanunua breka (ile inayoanguka, yaani kukata umeme yenyewe, mzigo ukizidi), swichi wala paipu ya kupitishia waya, na fundi hajalipwa. Kwa hiyo mtu akikwambia katiliwa shawa ya moto kwa laki moja na nusu, kila kitu ndani yake, muulize umeme unaifikia kwa waya gani. Nimeuliza hilo katika nyumba kadhaa za mtaani kwetu Machomanne na majibu yamenitia hofu. Ndiyo sababu naandika kwa urefu.

Shawa naipa nyota nne kwa tano. Duka lililoniuzia waya na fundi aliyeufunga nawapa tano kamili, na nitaeleza kwa nini.

Nasomesha fizikia sekondari na naishi na mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua. Kipupwe kikiingia na kusi likaanza kuvuma, maji ya tangi asubuhi hayashikiki kwa mtu mzima wa umri wake. Miaka yote tumekuwa tukimchemshia kwenye seredani: makaa, sufuria, ndoo, kata, na mtu wa kumbebea ndoo mpaka chooni kabla ya sala ya alfajiri. Ndoo ya maji yanayofuka moshi kwenye sakafu yenye utelezi ndiyo iliyonisukuma kutafuta shawa.

Dukani utaonyeshwa maboksi mawili, la 5500 na la 7500, na utaambiwa kubwa ndilo bora. Kwa Pemba na Unguja si kweli, na hesabu yake ni ya darasani kabisa. Lita moja ya maji kupanda digrii moja inataka juli 4,200 hivi, na wati moja ni juli moja kwa sekunde. Nilipima maji ya tangi letu kwa kipimajoto cha maabara asubuhi ya mwezi wa saba, yakasoma digrii 25. Maji ya kukoga yanayomfaa mtu mzima ni kama 39 au 40. Kwa hiyo unachokitaka ni kuyapandisha digrii 15 tu. Wati 5500 zinaipandisha lita tano kwa dakika digrii 15 na ushei. Na lita tano kwa dakika ndizo tangi letu linazozitoa: ndoo ya lita kumi inajaa kwa dakika mbili. Tayari tumefika.

Ile ya 7500 ni ya watu wa Njombe na Mbeya, ambao maji yao asubuhi yanauma meno. Ukiifunga hapa kwa lita tano zilezile, maji yatatoka na digrii 46, moto mno kwa kukoga, na dawa yake ni kufungulia maji mengi zaidi, ambayo tangi la nyumba ya kawaida halina. Unakuwa umenunua moto usioweza kuutumia. Halafu uje kwenye umeme: 7500 kwa volti 220 ni ampea 34, na hiyo inataka breka ya ampea 40 na waya wa 10. Bei ya waya wa 10 nadhani kila aliyeuliza dukani anaijua.

Sasa hiyo 5500. Gawa kwa volti 220 upate ampea 25. Wengi wanaishia hapo, lakini volti za nyumba hazikai pahali pamoja. Nilipima kwetu: mchana 238, saa mbili usiku, watu wote wakiwa wamewasha, 212. Kuna fundi aliwahi kunieleza kwa uhakika kabisa kwamba volti zikishuka shawa inavuta ampea zaidi. Hilo ni la mota ya friji au ya kiyoyozi, ambayo inahangaika kufanya kazi ileile. Shawa ni koili ya kupasha moto tu. Ukinzani wake, yaani kiasi inachouzuia umeme, ni ohm 8.8, haubadiliki kwa kiasi cha kutajika. Volti 212 zinaipa ampea 24 na inatoa wati 5,100. Volti 238 zinaipa ampea 27 na inatoa zaidi ya 6,400. Mzigo mkubwa wa waya uko mchana volti zikipanda, wala si usiku. Kwa hiyo hesabu ya waya tuliifanya kwa ampea 27, si 25.

Duka la kwanza nililoingia sitalitaja. Muuzaji hakuniuliza suali hata moja. Alinyoosha mkono kwenye rafu akasema, "Chukua wa mbili na nusu mama, watu wote wanachukua huo, na breka tia ya 40 isije ikawa inaanguka anguka." Nilipomwambia nataka wa 6, akanitolea rola iliyoandikwa 6 kwa bei ya kuvutia. Nilikuwa na kalipa ya skuli (chombo cha kupimia unene) mkobani. Nyuzi zilikuwa saba kama inavyotakiwa, lakini uzi mmoja ulisoma milimita 0.88. Zidisha mwenyewe: nyuzi saba za unene huo zinakupa kama 4.3, hazifiki 6. Waya halali wa 6 wa nyuzi saba kila uzi una milimita 1.04. Nikaaga.

Duka la pili ni dogo, katikati ya mji, lina kijana mmoja na kiti kimoja. Kabla hajagusa rafu aliniuliza: "Bi Mwalimu, kutoka kwenye breka mpaka chooni mita ngapi? Na waya unapita ukutani au juu ya dari? Nyumba ya bati?" Nikajua hapa nimefika. Kwetu ni mita 17, nyumba ya bati, na dari ya mbao.

Swali la bati ndilo kiini cha mambo, na sijaona mtu analiuliza kwengine. Waya wa 6 wa shaba ndani ya paipu ukutani unabeba ampea 41 vizuri, lakini hiyo ni kwa hewa ya digrii 30. Hewa ikifika 40, uwezo unashuka mpaka 35 na nusu. Juu ya dari, chini ya bati la saa saba mchana, hewa inaweza kufika 50, na hapo waya uleule wa 6 hauruhusiwi kupita ampea 29. Kijana yule alinieleza haya kwa maneno yake: "Ukiupitisha chini ya bati huu wa sita unakuwa wa nne." Ni sahihi kabisa. Fundi alipokuja tulikubaliana paipu ishuke, ipite ukutani chini ya dari, upande wa ukumbi ambao jua haliupigi. Paipu imerefuka kidogo, na waya umebaki na nguvu zake.

Ukipenda kulinganisha, wa 4 kwa digrii 40 unabeba kama 28, ambayo ni chembe tu juu ya 27 zetu. Wa 2.5 unabeba 21. Anayefunga wa 2.5 kwenye shawa ya 5500 anaupitishia ampea 27 waya wa 21, kila asubuhi, kila jioni, watu sita wakikoga kwa zamu. Hauungui siku hiyo wala siku ya pili. Plastiki inakauka, inapasuka, na kwa mita 17 hizo unapoteza zaidi ya wati 200 kuupasha moto ukuta. Wetu wa 6 unapoteza kama 90, na volti zinazopotea njiani ni tatu na kitu tu.

Kijana alinikatia ncha ya waya, akaikwaruza kwa kisu mpaka ndani. Shaba tupu, nyekundu mpaka kiini. Kuna waya zinazouzwa ambazo juu ni shaba na ndani ni alumini nyeupe, na ukikwaruza unaiona papo hapo. Kalipa ikasoma 1.04 kwenye uzi. Halafu akafanya kitu ambacho sikumwomba: aliichukua rola nzima ya mita 100, akavuka nayo mpaka duka la mchele la jirani, akaiweka kwenye mizani. Kilo 6.7. Shaba peke yake ya waya wa 6 kwa mita 100 ni kilo 5 na robo hivi, iliyobaki ni plastiki. Rola ya 6 ikisoma kilo nne au tano, na maneno yaliyoandikwa yawe mazuri namna gani, hiyo si ya 6. Kipimo hiki hakitaki kalipa wala fizikia, kinataka mizani ya mchele tu, na kila mtaa unayo.

Nilinunua mita 55, ya laivu (inayoleta umeme), ya nyutro (inayourudisha) na ya ethi (inayoupeleka ardhini umeme uliovuja), zote tatu za 6. Wapo wanaopunguza ethi kuokoa hela. Mimi sikutaka.

Kuhusu breka watu wamelishika jambo kinyume. Wanadhani breka inailinda shawa. Breka inaulinda waya. Kanuni ni fupi: mzigo uwe chini ya breka, na breka iwe chini ya uwezo wa waya. Kwetu ni 27, kisha 32, kisha 35 na nusu. Zimepangana kama vidato vya ngazi. Ukitia breka ya 20 au 25, inaweza kuanguka mtu akiwa na sabuni usoni, na fundi ataitwa "aibadilishe", na hapo ndipo inapotiwa ya 40 au ya 63 kwenye waya wa 2.5 na kila mtu anafurahi kwamba sasa haianguki. Haianguki kwa sababu haiwezi tena kuanguka kwa wakati. Waya utaungua breka ikiwa imesimama. Kama breka ya shawa yako inaanguka, jambo la kwanza ni kupima mzigo na waya, na breka ndiyo ya mwisho kuguswa.

Na hiyo breka ya 32 pekee haimkingi anayekoga. Hapa nitakaa kidogo, maana mama yangu ndiye anayesimama chini ya maji hayo. Chukua nyumba ya kwetu Pemba yenye fimbo ya ethi iliyopigwa ardhini na ukinzani wa ohm 20, ambayo kwa nyumba ya mtaani si mbaya. Laivu ikagusa bomba la chuma. Umeme unaokwenda ardhini ni 230 gawa kwa 20, yaani ampea 11 na nusu. Breka ya 32 inaziona ampea 11 kama mzigo wa kawaida, haishtuki kabisa, na bomba linabaki na umeme. Kinachookoa hapo ni ile breka ya uvujaji ya miliampea 30, ambayo inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika sehemu tatu za mia ya ampea inakata kabla hujahesabu moja. Ina kitufe cha kujaribia, cha herufi T. Nakibonyeza kila mwanzo wa mwezi. Ikiwa bajeti yako inakulazimisha ukate kitu, kata shawa, ununue hita ya ndoo au urudi kwenye seredani, lakini shawa ya umeme bila breka hiyo na bila ethi usimtilie mzee wala mtoto. Nimeyasema haya kwa ndugu zangu na narudia hapa.

Fundi wetu ni kijana wa Wawi. Alichonipendeza kwanza ni kwamba alikwenda kwenye meni (swichi kuu ya umeme wa nyumba) kabla ya kwenda chooni. Alitaka kujua waya unaotoka kwenye mita ya Tukuza (ya umeme wa kulipia kabla) kuja kwenye kisanduku cha breka ni wa ngapi, akakuta wa 10, akasema, "Kwa shawa moja tuko salama." Akanihesabia: shawa 27, birika la umeme 9, pasi 5, friji na taa mbili tatu. Jumla inakaribia 43. Nyumba nyingi za zamani waya wa kuingilia ni mwembamba kuliko huo, na hapo shawa yoyote ya 5500 ni kujitafutia balaa, hata uifunge kwa waya wa dhahabu.

Halafu swichi. Kwenye maduka kuna swichi nzuri ya kuvutia yenye taa nyekundu na picha ya hita, imeandikwa 20A. Hiyo ni ya hita ya tangi, ambayo inavuta wati 1,500 au 2,000. Nyumba ya pili kutoka kwetu walifungiwa hiyo kwenye shawa ya 5500. Nilikwenda kuiangalia: plastiki upande wa chini imegeuka rangi ya kahawa, kitufe kimekuwa kigumu, na fundi wetu alipofungua, tundu la nyutro lilikuwa jeusi na skrubu imeshikana na waya. Walikuwa wanasikia harufu kila mtu wa tatu akikoga, wakadhani ni ya shawa mpya. Inayotakiwa ni ile ya 45, ya kukata laivu na nyutro kwa pamoja, ileile inayofungwa kwa jiko la umeme. Kwetu iko nje ya choo, karibu na mlango, kwa urefu ambao mama anaufikia akiwa na nguo zake na mikono mikavu.

Kwenye shawa yenyewe usikubali plagi na soketi. Hakuna soketi ya kawaida inayostahiki ampea 25. Wala usikubali konekta ya plastiki nyeupe ya mistari, hiyo inayeyuka. Fundi alitumia ya kauri, akakaza skrubu kwa nguvu, akavuta kila waya kuujaribu, kisha akarudi baada ya wiki akazikaza tena, kwa sababu shaba ikishika moto na kupoa hulegea kidogo. Hakudai hata shilingi kwa safari hiyo ya pili. Watu wanaona ni jambo dogo, lakini kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa sehemu tano za mia ya ohm, kwa ampea 26, kinatoa wati 34 mahali pasipozidi ukucha. Moto mwingi wa shawa unaanzia hapo.

Sasa shawa. Inawaka yenyewe maji yakipita: ndani kuna kiwambo cha mpira ambacho maji yanakisukuma mpaka viungo vya umeme vigusane, na maji yakifungwa kinarudi. Kwa hiyo inataka maji yenye nguvu kidogo. Tangi letu lipo juu ya zege, mita mbili na nusu juu ya kichwa cha shawa, na inawaka bila kusitasita. Kwa nyumba ambayo tangi limewekwa sawa na dari, mita moja au chini yake, utapata tabu: itawaka na kuzima, na maji yatakuja moto na baridi kwa zamu. Nyanyua tangi kwanza. Mara ya kwanza kabisa kuitumia, iache ijae maji kabla ya kuwasha umeme. Koili ikipata umeme ikiwa mkavu inakatika hapohapo, na duka halirudishi.

Maji ya moto yanafika kwa sekunde chache. Mama anakoga kwa dakika nane hivi, na hiyo inakula kama robo tatu ya yuniti. Unaweza kuihesabu mwenyewe: kilowati tano na nusu kwa dakika nane. Kwetu, ukilinganisha na makaa na dakika za mtu wa kusimamia sufuria, sioni hoja ya kurudi nyuma. Kipupwe chote alikoga mwenyewe, mlango umefungwa, bila mtu kusimama nje na ndoo. Hilo kwangu lina thamani kuliko shawa yenyewe.

Nyota niliyoinyima ni kwa mambo mawili. Kile kiteuzi cha moto mdogo na moto mkubwa hakitakiwi kuzungushwa maji yakiwa yanatoka, inabidi ufunge maji kwanza, na kwa mtu mzima mwenye sabuni machoni hilo halikumbukwi. Tukaamua kukiacha pahali pamoja na joto tunalirekebisha kwa bomba: fungua zaidi yapoe, punguza yapate moto. La pili ni vitundu. Maji yetu yana chokaa, na baada ya muda vitundu vinaziba, maji yanapungua, yanayobaki yanakuwa moto kupita kiasi na koili inateseka. Nafungua kile kisahani cha chini, nakiroweka kwenye siki usiku mmoja, nakisugua kwa mswaki wa zamani. Kwa mnaopata maji kutoka mtambo mmoja na sisi, fanyeni hivyo kila miezi miwili au mitatu. Koili ya akiba inapatikana dukani, na kuibadilisha ni kazi ya fundi ya nusu saa, umeme ukiwa umezimwa kwenye kisanduku.

Wa pwani wana suala lao. Dada yangu yupo Micheweni, anatumia maji ya kisima yenye chumvi kidogo, na alitaka shawa kama yetu. Nikamkataza. Katika shawa hizi za kawaida koili imekaa wazi ndani ya maji, na maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri sana. Breka ya uvujaji itaanguka kila akifungua maji, na fundi mvivu atamwambia aitoe. Zipo shawa zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, koili yake imefunikwa ndani ya bomba la chuma, boksi linaandika wazi. Bei yake iko juu kidogo. Anunue hiyo. Na ardhi yake ni ya mawe, fimbo ya ethi haiingii kama inavyoingia kwenye udongo wetu wa Chake, kwa hiyo kwake breka ya miliampea 30 haina mjadala. Inafanya kazi hata ethi ikiwa dhaifu: miliampea 30 kwa ohm 200 ni volti sita tu.

Kuna walioniuliza kama waya huohuo wa 6 unaweza kulisha choo cha pili. Hauwezi. Kila shawa na waya wake na breka yake. Na kwetu, kwenye choo cha wageni, sitii tena 5500, maana mbili zikiwaka pamoja ni ampea 54, na waya wetu wa kuingilia wa 10 kwa joto la huku unabeba 49. Kule natia ya 3500: ampea 17 kwa volti za mchana, waya wa 4, breka ya 20. Kwa lita nne kwa dakika inayatoa maji digrii 25 mpaka 37, na mgeni wa Unguja hataki zaidi ya hapo. Zote mbili zikiwaka ni 44. Kinachobaki kinatosha friji na taa, si birika wala pasi, na karatasi inayosema hivyo nimeshaibandika kwenye mlango wa kisanduku cha breka.